Kazi Hufanyika Ukingoni: Maji, Haidrojeni na Mbolea



Kikundi kimoja tunachokitembelea kilikaribia kutoa akiba yake yote kununua "jiko la maji". Muuzaji alisema maji yana haidrojeni, haidrojeni inawaka, basi kuni kwaheri. Kina mama wakatuuliza: ni kweli au tunachezewa? Tumeona tujibu mbele ya wote.

Kuna ukweli kidogo. Maji ni haidrojeni na oksijeni, na ukipitisha umeme viwili hivyo huachana. Lakini umeme unaoingia ni mwingi kuliko nguvu utakayopata ukiichoma ile haidrojeni. Hakuna mashine inayokwepa jambo hilo. Mtu akikuambia maji yatapika bila umeme wala mafuta, shika mfuko wako.

Hata hivyo haidrojeni inatuhusu sisi wakulima. Urea na CAN hutokana na amonia, na amonia hutokana na haidrojeni. Nyingi yake hutolewa katika gesi ya ardhini na makaa ya mawe. Gesi ikipanda bei, mbolea nayo hupanda. Tuliona mwaka 2022, mfuko wa kilo 50 ulipopita shilingi 6,000. Septemba 2023 serikali yetu ilizindua mpango wa kutoa haidrojeni kwa umeme usiotokana na mafuta, na mbolea imetajwa mwanzoni kabisa.

Ili umeme usipotee bure, panatakiwa kichocheo. Huyu ni kama mshenga: huwakutanisha wawili, naye mwenyewe haolewi. Chembe za haidrojeni hujishika kwake, hupatana mbili mbili, kisha huondoka kama gesi. Akizikaza sana, haziondoki. Akizilegeza mno, hazikutani. Platini ni mshenga hodari, lakini ni madini adimu ya bei kali.

Basi wanasayansi wakatafuta wa bei nafuu, nao ni molibdenamu iliyoungana na salfa. Mafundi wa magari wanaijua, maana imo katika baadhi ya grisi nyeusi. Imejengwa kwa karatasi nyembamba mno, zimepangana kama kurasa za kitabu, ndiyo sababu huteleza. Kila karatasi ina tabaka tatu tu za chembe: molibdenamu katikati, salfa juu na chini. Mwaka 2007 watafiti nchini Denmark walipima, wakakuta kwamba ule uso mpana hausaidii sana. Gesi hutokea ukingoni. Tangu hapo juhudi kubwa ni kutengeneza vipande vidogo vyenye kingo nyingi, au kuutia uso ule matundu. Platini bado inaongoza, lakini pengo limepungua.

Sasa tufanye nini? Kwanza, akiba ya kikundi isiguswe kwa maneno matamu. Pili, mwulizeni muuzaji: nguvu inatoka wapi? Nani ameitumia mashine hii mwezi mzima, twende tukamwone? Tatu, habari njema za maabara zisiwafanye mwache samadi, mboji na maharagwe kati ya mahindi. Hivyo viko shambani leo.

Kile kikundi kiliuliza maswali hayo mawili. Muuzaji alisema atarudi Jumatatu. Mpaka sasa hatujamwona, na akiba iko salama.