Mgeni wa Gredi ya 10: Hofu ya Kijana Katika Shule Asiyoijua

Mada iliyowasilishwa katika semina ya wazazi na walimu, Dundori, Kaunti ya Nakuru



Januari 2026, kundi la kwanza la Mtaala wa Umilisi liliingia Gredi ya 10. Karo tumeijadili, sare tumezijadili, na mikondo mitatu ya masomo pia. Hofu ya watoto wenyewe tumeiacha kando, nami naamini mwaka huu imekuwa nzito kuliko kawaida.

Tangu Januari 2023, sekondari ya msingi iliwekwa ndani ya shule za msingi. Mtoto wa hapa Dundori aliyeanzia chekechea katika uwanja mmoja huenda alibaki humo humo hadi Gredi ya 9. Walimu anawajua kwa sauti, mfereji usiotoa maji anaujua, na kengele ikilia haulizi aende wapi. Kisha anapangiwa shule ambayo pengine yeye na mzazi wake hawajawahi kuiona, anashuka huko na sanduku lake la bati na godoro, akiwa na miaka 15 hivi.

Kuna jambo jingine ambalo sijasikia likitajwa. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023, na watahiniwa wake wakaingia kidato cha kwanza 2024. Mwaka wa 2025 hapakuwa na kidato cha kwanza. Gredi ya 10 ilipofika, basi, ilikuta kidato cha tatu na cha nne peke yao. Kidato cha pili hakikuwepo. Najua kidato cha pili ndicho mara nyingi huwasumbua mamono, yaani wanafunzi wapya, lakini ndicho pia huwaonyesha njia, maana ugeni wao ni wa juzi. Safari hii waliowapokea wageni walikuwa na miaka miwili tangu wawe wageni, na mwaka mzima ulikuwa umepita bila shule kupokea kundi jipya.

Kama mwalimu wa ushauri nasaha, nilimsikiliza msichana mmoja wa huku kwetu juu milimani aliyekwenda shule ya mbali. Wiki ya kwanza hakugusa chai ya asubuhi. Matroni alidhani anaugua, mwalimu wa darasa akadhani anaringa. Kumbe hakujua vyoo vipi aliruhusiwa kutumia, akaogopa kuuliza asije akachekwa, akaamua kutokunywa chochote mpaka giza liingie. Hofu ya shule mpya, kwa sehemu kubwa, ndivyo ilivyo. Tukimwambia mtoto huyu “utazoea tu,” hatujamweleza choo kiko wapi.

Ipo njia nyingine. Mwaka wa 1924, mwanasaikolojia Mary Cover Jones, huko Marekani, aliandika kuhusu mtoto mdogo aliyeogopa sungura. Hakumkemea wala hakumtupia sungura mapajani. Alimchanganya na watoto wasioogopa sungura wacheze pamoja, na baadaye sungura akawa anasogezwa karibu kidogo kidogo mtoto akiwa anakula chakula akipendacho. Hatimaye mtoto alimshika sungura mwenyewe. Mtoto huyo alikuwa na umri mdogo sana kuliko vijana wetu, lakini nimeona njia hiyo ikifanya kazi mabwenini: hatua ndogo, pamoja na mwenza asiyeogopa.

Msichana wetu alikabidhiwa kwa dada wa kidato cha tatu ambaye naye alitoka mbali. Wakaenda pamoja vyooni, mferejini, kisha kwenye bwalo la chakula. Maktaba akaiendea peke yake. Lakini kilichomwinua hasa ni somo la Kilimo. Mwalimu alipofika kwenye viazi, msichana alinyoosha mkono akaeleza kwa nini mkulima wa Shangi hukimbilia kuuza hata bei ikiwa duni: viazi hivyo huota machipukizi upesi, ukivihifadhi kwenye gunia vinakuharibikia. Aliyasema kama mtu aliyechambua mbegu kwa mikono yake. Tangu siku hiyo wenzake walimtafuta kabla ya mitihani ya Kilimo, na chai akawa anakunywa.

Wazazi, mkipata nafasi ya kuzungumza na mtoto kwa simu ya mwalimu, msimuulize kama amezoea. Atajibu ndiyo ili msihangaike. Muulizeni anakaa na nani wakati wa kula, na nani analala kitanda cha juu yake. Akikosa jina la kutaja, mpigieni mwalimu wa darasa.

Hata hivyo, anayepigwa au kudhalilishwa hana hofu ya ugeni, ana sababu ya kuogopa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mateso ya mwili na ya akili dhidi ya mwanafunzi, na simu ya bure ya watoto ni 116. Hapo asiambiwe avumilie.

Januari 2027 hawa wa Gredi ya 10 watakuwa Gredi ya 11, na watapokea wageni wao wa kwanza. Walimu wakuu mlio hapa, nawaomba mwape kazi hiyo rasmi kabla ya muhula wa tatu kufungwa. Kila mwanafunzi wao aandike yaliyomtisha wiki ya kwanza, na kila mgeni apangiwe mwenyeji wake kwa jina kabla hajaripoti.