Foleni ya Sambusa na Zamu ya Mtoto



Pale Elerai, jijini Arusha, kama ilivyo katika mitaa mingi ya miji yetu, kibanda cha sambusa kinachosifika hakihitaji tangazo. Tangazo lake ni foleni ya jioni, watu wanaporudi kutoka kazini. Katika miezi ya Juni na Julai, baridi ya Mlima Meru inapoingia, foleni hiyo hurefuka zaidi, maana kila mtu anataka sambusa iliyotoka kwenye karai sasa hivi.

Kungoja huko kuna sababu yake. Unga lazima ukandwe, manda zisukumwe na kupashwa moto kidogo, nyama ikaangwe na kitunguu na pilipili mpaka ikauke, ndipo sambusa ifungwe. Mpishi akijaza karai kupita kiasi ili kuwaridhisha wenye haraka, mafuta hupoa na sambusa huyanywa. Anayetaka sambusa nzuri hana budi kusubiri.

Watu wazima miongoni mwetu wanakumbuka foleni za aina nyingine. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, sukari, sabuni, unga na mafuta ya kupikia vilikuwa bidhaa adimu. Watu waliamka usiku, wengine wakapanga mawe na matofali ili kushika nafasi zao dukani. Hata hivyo, kilichouma kuliko kungoja ni kumwona mwenzako akitokea mlango wa nyuma na mfuko wa sukari. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, Serikali iliendesha msako dhidi ya wahujumu uchumi. Mwaka 1984 ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na foleni zile zikaanza kupungua.

Bidhaa zimejaa siku hizi, lakini je, mlango wa nyuma umefungwa?

Simama kando ya kibanda utazame. Bwana mmoja anasimamisha gari, hashuki, anaita: "Mama, nifungie ishirini, nina haraka!" Anafungiwa. Wengine wawili wanapenya ubavuni kwa sababu wanafahamiana na muuzaji. Katikati yao yupo mtoto aliyetumwa na mama yake, noti ameikunja kiganjani. Alifika kabla yao wote. Hasemi neno, kwa kuwa tumemfundisha kutobishana na wakubwa. Sambusa za karai lile zinakwisha, anasubiri nyingine. Akifika nyumbani anagombezwa kwamba alikuwa akicheza njiani.

Atatokea mtu aseme, "Hizo ni sambusa tu." Sivyo. Fedha ya mtoto yule ina thamani ileile ya fedha ya mwenye gari. Mtoto kumwamkia mkubwa ni adabu. Mkubwa kumnyang'anya mtoto zamu yake ni uonevu. Mjamzito, mgonjwa au mzee asiyeweza kusimama, hao watu wenyewe huwapisha, na ndivyo inavyopasa. Lakini huyu hakupishwa na mtu, amejipisha mwenyewe.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Huyu anayejifunza leo kwamba mwenye nguvu hupita mbele, kesho ndiye atakayekaa dirishani kwenye ofisi ya ardhi au mapokezi ya zahanati. Tutamlaumu kwa kupendelea watu, na mafunzo aliyapata kwetu.

Dawa yake haihitaji sheria mpya. Muuzaji aulize, "Nani alitangulia?" kabla ya kufunga sambusa. Mwenye haraka ashuke garini aombe ruhusa ya walio mbele yake. Nasi tuliosimama tusigeuze nyuso. Ukiona mtoto anarukwa, sema kwa sauti: "Huyu alitangulia." Ni maneno mawili tu, na hayaongezi bei ya sambusa.