Kifuta machozi siyo fidia

(Maneno niliyosema kwa vijana wa chama, Tarime mjini. Nimeyaweka hapa kwa walioyaomba.)

Makamanda! Nimepewa dakika chache na jua ni kali, kwa hiyo naenda moja kwa moja.

Baba yangu mdogo analima mahindi Serengeti, kijiji kinachopakana na hifadhi. Mahindi yakianza kubeba, halali nyumbani. Analala kwenye dungu shambani, na tochi, debe la kupiga, na kamba yenye vitambaa vya pilipili na oili chafu. Usiku mmoja tembo waliingia. Akashuka, akapiga debe, wakamgeukia. Katika kukimbia alitumbukia mtaroni, mguu ukavunjika. Msimu ule hakulima.

Mimi nilikuwa mwaka wa kwanza wa sheria, najiona mjanja. Nikamwambia, "Baba mdogo, ngoja nikutafutie fidia."

Nikaenda kusoma. Tuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, na Mfuko wake upo. Ukiumia kazini unatibiwa, unalipwa kwa ulemavu, na ukifa wategemezi wako wanapata pensheni. Nzuri sana. Lakini ni ya mwajiriwa. Anayelima shamba lake hayumo.

Nikageukia sheria ya wanyamapori ya 2009. Huko aliyedhuriwa na mnyama hapewi fidia. Kuna kifuta jasho na kifuta machozi. Kanuni za 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa mtu aliyeuawa na mnyama. Kwa mazao, juu kabisa ilikuwa shilingi 100,000 kwa ekari, na zilihesabiwa ekari 5 tu hata kama ulipoteza kumi. Jamani, jina lenyewe linajieleza: fidia unaidai, kifuta machozi unapewa. Baba mdogo alipoulizia katika ofisi moja, akajibiwa kwamba tembo hakumgusa.

Akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, nikiwa shambani siko kazini?" Sikuwa na jibu.

Sasa tuje kwa vibarua, maana hapa wengi wetu tumo. Wewe unayechuma tumbaku asubuhi majani yakiwa na umande, ukarudi unatapika na kichwa kinazunguka, siyo malaria kila mara. Ni nikotini inapita kwenye ngozi. Wewe unayebeba bomba la dawa linalovuja mgongoni kwenye kahawa, na kopo likiisha mnalichotea maji. Wewe uliyekwenda Rorya kuvua, unaingia ziwani usiku bila jaketi la kuokolea kwa sababu tajiri wa mtumbwi anasema ni gharama. Pale Nyamongo, anayeingia mgodini anavaa kofia ngumu na buti. Ukivuka barabara tu, kijana mwenzake anapulizia dawa na kandambili.

Na hapa sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, haikuishia viwandani. Vifaa vya kujikinga ni wajibu wa mwajiri, siyo hisani yake. Tangu Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani limeweka usalama kazini kuwa miongoni mwa haki za msingi za kazi. Tatizo, mkaguzi utamuona wapi shambani?

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza ni letu. Kibarua akiumia, andikeni siku, mahali, jina la aliyempa kazi na mashahidi wawili. Pigeni picha. Madai kwenye Mfuko yana muda, miezi 12. Usisubiri "tutaongea nyumbani".

La pili ni la wagombea wetu. Wakija kuomba kura, tuwaulize: mkulima anayejiajiri na mvuvi wa mgawo wataingiaje kwenye Mfuko? Viwango vya kifuta machozi vitabadilishwa kuwa fidia lini? Asiye na jibu, hata kama ni wa kwetu, arudi akajiandae.

Baba mdogo anachechemea, na mahindi yanabeba tena. Leo usiku atakuwa kwenye dungu. Mimi nasema yuko kazini.