Sinki la Jikoni katika Nyumba ya Pwani
Maneno yaliyosemwa mbele ya wakazi wa Bagamoyo na vijiji jirani



Tumeombwa tuzungumze juu ya bidhaa ambayo aghalabu hununuliwa mwishoni kabisa mwa ujenzi, wakati fedha zimekwisha kupungua na fundi anadai ujira wake. Sinki la kuoshea vyombo, au karo kama wengi wetu tulivyozoea kuliita, huchaguliwa kwa macho tu: likimeremeta, linabebwa. Baada ya miezi michache mwenye nyumba huona vidoa vyekundu pembezoni mwa tundu la kutolea maji. Hurudi dukani, akaambiwa kwamba maji yake ndiyo mabaya. Muuzaji huenda akawa anasema kweli, na huenda akawa anajitetea. Tungependa mlaji aweze kuipambanua tofauti hiyo kabla fedha hazijamtoka.

Wakazi wa mji huu hawahitaji kufundishwa habari ya chumvi. Mnajua bati la nyumba iliyo karibu na ufuko huishi muda gani, na mafundi wa majahazi wanajua msumari upi hauaminiki. Upepo ule ule unaobomoa bati huingia jikoni. Tena yapo maji. Aliyeunganishwa na bomba la DAWASA hupata maji baridi yaliyosafishwa kutoka Mto Ruvu. Aliyechimba kisima karibu na pwani mara nyingi huteka maji ya chumvi. Na wapo wengi wanaotumia yote mawili, bomba likitoka na kisima likikatika. Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe bei. Liwe hili: ni maji gani yatakayopita humu kila siku?

Masinki yaliyojaa madukani ni yale ya chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi hukiita stenlesi. Jina hilo limewaponza wengi. Chuma hiki hakishiki kutu kwa sababu kimechanganywa na kromiamu, ambayo ikikutana na hewa hujitandaza juu yake kama ngozi nyembamba isiyoonekana. Ngozi hiyo ikikwaruzwa hujirudishia yenyewe. Adui wake mkubwa ni klorini iliyomo katika chumvi, ambayo huitoboa mahali padogo padogo na kuacha vishimo. Uwezo wa kuhimili unategemea mchanganyiko. Aina iitwayo 304 ina takriban asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 8 ya nikeli. Aina ya 201 imepunguziwa nikeli, ambayo ni ghali, ikaongezewa manganizi mahali pake. Zikiwa mpya zinang'aa sawasawa, na hakuna jicho litakalozitenga. Zikikaa mwaka mmoja katika hewa ya pwani, hata mtoto atazitenga. Iko pia aina ya 316, iliyotiwa molibdenamu, inayotumika katika vifaa vya merikebu. Hiyo ndiyo imara kuliko zote mbili mbele ya chumvi, ila ni ghali na si rahisi kuipata katika maduka yetu ya kawaida.

Hapa tuseme kidogo juu ya sumaku, kwa maana imekuwa ushahidi mkuu wa madukani. Muuzaji huibandika kwenye sinki, ikaanguka, naye akatangaza kwamba hiyo ndiyo stenlesi halisi. Sumaku ikinata kwa nguvu pote, ni kweli kwamba chuma hicho si 304. Lakini isiponata haijathibitisha lolote la maana, kwa kuwa 201 nayo haivutwi na sumaku. Na kinyume chake, 304 iliyo halali yaweza kuvutwa kidogo kwenye kona, mahali ilipokunjwa na mashine. Sumaku basi humkamata mwongo mzembe tu. Mwongo hodari anapita.

Msaada ulio bora ni karatasi. Mwombeni muuzaji aandike katika risiti aina ya chuma na unene wake kwa milimita, si neno «sinki» peke yake. Anayeiamini bidhaa yake hataona taabu kuandika tarakimu tatu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu kiwango, ubora au daraja la bidhaa, na risiti yenye maelezo hayo ndiyo inayoyapa malalamiko yenu miguu ya kusimamia. Bila hiyo, mnabaki na neno lenu dhidi ya neno lake.

Unene nao una maana yake. Bonyezeni chini ya bakuli kwa kidole gumba. Likibonyea na kurudi kama mfuniko wa kopo, litapiga kelele kwa kila sufuria na litachakaa mapema. Milimita 0.8 ni kiasi cha kuridhisha kwa nyumba ya kawaida. Milimita 1 ni bora zaidi. Lakini wembamba hausababishi kutu, wala unene hauizuii. Hayo ni mambo mawili, na wauzaji hupenda kuyachanganya.

Kuna sababu nyingine ya kutu isiyotajwa sana, nayo haimhusu muuzaji. Fundi wa vigae akimaliza kazi husafisha saruji iliyobaki kwa asidi kali. Mvuke wake hupanda ukatua juu ya sinki, na chupa yake mara nyingi huhifadhiwa katika kabati lililo chini ya sinki hilo hilo. Nyumba haijahamiwa, na chuma kimekwisha kuungua. Kama vigae havijaisha, sinki lisifungwe. Kama limekwisha kufungwa, lifunikwe vizuri, madirisha yafunguliwe, na asidi ikae nje ya nyumba.

Tukiacha stenlesi, lipo karo la terazo, linalojengwa papo hapo kwa saruji na chembe za marumaru. Sisi tunaliheshimu. Halitobolewi na chumvi, halibonyei, na fundi wa mtaani hulitengeneza likipata ufa. Udhaifu wake ni uchachu: ndimu, siki na ukwaju vikiachwa juu yake huila saruji na marumaru pamoja, uso ukaparara na kuanza kushika uchafu. Sharti lake jingine ni mchanga. Msikubali mchanga wa ufukweni, maana chumvi iliyomo itakula nondo zilizo ndani na karo litapasuka kutoka tumboni. Kwa kuparia samaki na kuloweka ng'onda, tunaona karo la terazo uani linafaa kuliko chochote kilichomo dukani, nalo hulipumzisha sinki la ndani.

Sinki la kauri halijali chumvi wala ndimu. Ni zito, lahitaji kaunta madhubuti. Glasi ikiponyoka haina salama. Na sufuria za alumini huliachia michirizi ya kijivu ambayo wengi huidhani ni nyufa, kumbe hufutika. Kwa mwenye kisima cha chumvi anayetaka sinki la ndani, hili ndilo tungelitaja kwanza. Yale ya unga wa mawe uliogandishwa kwa gundi nayo yanavumilia chumvi, ila sufuria isitolewe jikoni moja kwa moja ikawekwa humo. Ya chuma kilichopakwa rangi ya kioo tunayaonea shaka hapa pwani: likibanduka ganda dogo kama ukucha, kutu huingia na haitoki.

Aliyekwisha kununua stenlesi, na ndio wengi wenu, asihuzunike. Aoshe kwa maji ya kisima akipenda, lakini amalizie kwa kikombe cha maji baridi na kukausha kwa kitambaa. Asugue kwa dodoki, asitumie waya wa chuma, kwani vipande vyake hubaki na kushika kutu vyenyewe, likasingiziwa sinki. Dawa ya klorini isilale humo usiku kucha. Na vidoa vikitokea, avisugue kwanza kwa magadi yaliyoloweshwa kidogo. Vikitoka na uso ukabaki laini, kutu ilitua kutoka nje. Vikiacha vishimo vinavyosikika kwa ukucha, chuma chenyewe kimeanza kuliwa. Hapo atoe ile risiti, atazame tarakimu zilizoandikwa, na sinki lilipigwe picha kabla fundi hajaliondoa.