WAYA WA PAMPU YA KISIMA NA UTUNZAJI WAKE

Haya ni mazungumzo kwa ajili ya wasimamizi wa visima na wafugaji wa Waberi, Garissa, na sehemu nyingine za Kaskazini Mashariki ya Kenya.



Mji wa Garissa umejaliwa kuwa kando ya Mto Tana. Lakini msafiri akiuacha mto na kushika njia ya Dadaab, Habaswein au Liboi, haoni mto wa kudumu. Huko watu na wanyama hutegemea maji yaliyo chini ya ardhi, katika tabaka liitwalo Merti. Visima vingi hupita mita 100 kwenda chini. Maji hupandishwa na pampu ya umeme iliyozamishwa kisimani, nayo hupata nguvu kwa waya mmoja tu. Waya huo ukiharibika, kisima huwa kama hakipo.

Wengi hudhani kwamba pampu iliyozamishwa imetulia. Sivyo. Kila inapowashwa, mota huzunguka kwa ghafula, na bomba lote hujipinda kidogo upande wa pili. Ikizimwa, bomba hurudi. Jambo hilo likitukia mara nyingi kila siku, waya uliolegea hujisugua katika ukuta wa kisima mpaka ngozi yake huisha. Hapo maji huingia, umeme hupotea, na mota huungua.

Dawa yake si ngumu. Waya hauna budi kufungwa juu ya bomba la kupandishia maji kila baada ya mita 3 hivi, kwa utepe au mkanda usiooza majini. Usikazwe mno hata ukabonyea. Tena, ikiwa bomba ni la plastiki, waya uachiwe ulegevu kidogo kati ya kifungo na kifungo, kwa maana bomba hilo hunyoka likijaa maji, lakini waya haunyoki; usipoachiwa nafasi utakatika.

Hatari kubwa zaidi ni siku ya kuitoa pampu au kuirudisha. Mdomo wa kisima ni wa chuma, na makali yake hukata kama kisu. Yafaa mdomo ufunikwe kwa mpira, na mtu mmoja awekwe kwa kazi ya kuuongoza waya tu. Ni mwiko kabisa kuivuta au kuiteremsha pampu kwa waya wake. Uzito wote uchukuliwe na bomba na kamba ya usalama. Waya unaotoka usitupwe mchangani ukanyagwe na mbuzi na magari, bali uzungushwe juu ya gurudumu pana bila kukunjwa kwa ghafula.

Kanuni hizo ndizo zitumikazo bandarini pia. Winchi kubwa za makontena, ziendazo juu ya reli, kwa kawaida hulishwa umeme kwa waya unaojikunja na kujikunjua juu ya gurudumu lake. Huko nako waya hauachwi ubebe mzigo, usokotwe, wala usuguliwe.

Kiungo cha waya na mota kizibwe kwa mfuko maalumu usiopitisha maji. Utepe wa kawaida hautoshi. Kabla ya kuteremsha pampu, na tena baada ya kuiteremsha, fundi apime ngozi ya waya kwa chombo chake na kuandika hesabu daftarini. Vipimo vikipungua mwezi kwa mwezi, hiyo ni onyo. Vikishuka chini ya megaohmu 0.5, waya au mota imekwisha haribika.

Pasiwepo mtu wa kuona kwamba hayo ni mambo madogo. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha, na mifugo mingi ikafa. Wakati wa namna hiyo kisima kikisimama, wafugaji hulazimika kuhamia kisima kingine kilicho mbali. Ngamia aweza kustahimili, lakini ng'ombe hufia njiani. Mkanda wa kufungia waya ni kitu cha bei ndogo. Mota mpya, gari la winchi na mafundi wa kutoka mjini ni gharama kubwa, na siku za kungoja hazinunuliki.

Basi kila kamati ya kisima iwe na daftari, mkanda na mpira wa kufunika mdomo wa kisima. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.