Koleo Likivunjika
Maneno kwa Wakristo wa Singida katika Sikukuu ya Yubilei

Ndugu wapenzi, katika Yubilei twapenda kuhesabu makanisa, shule na hospitali, na kumshukuru Mungu kwa hayo. Lakini yatupasa pia kuyakumbuka mambo yaliyowatia aibu waliotutangulia, kwa maana humo mna mafundisho mengi. Basi leo twataka kuwaeleza habari za Misheni ya UMCA, iliyoleta Injili katika sehemu nyingi za nchi yetu.

Mwaka 1857 Daktari Livingstone aliwasihi watu wa chuo cha Cambridge waikumbuke Afrika. Misheni ikaundwa, na tarehe 1 Januari 1861 Charles Mackenzie akawekwa wakfu kuwa askofu wake. Mwaka huo huo yeye na wenzake wakafika Magomero, katika nchi iitwayo leo Malawi. Walikwenda kuhubiri amani. Lakini walipokutana na misafara ya watumwa waliwafungua wafungwa, kisha wakaingia vitani upande wa kabila moja juu ya kabila lingine, wakachoma vijiji. Lugha ya wenyeji walikuwa hawajaijua, wala asili ya magomvi yao. Tena mtumbwi wa Askofu ulipinduka, dawa zikapotea majini, naye akafa kwa homa tarehe 31 Januari 1862. Habari zilipofika Uingereza wengi waliona haya, kwamba wahubiri wameshika bunduki.

Askofu Tozer, aliyemfuata, aliiondoa misheni huko, na mwaka 1864 akaihamishia Unguja. Livingstone alichukizwa sana, akaona kuwa ni kukimbia. Lakini kumbe Unguja ndiko walikotiwa shuleni. Sultani aliwapa watoto watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa, wakaanza kuwafundisha. Padre Edward Steere akakaa chini pamoja na wenyeji, akajifunza Kiswahili kwa bidii, na mwaka 1870 akapiga chapa kitabu cha kukifundisha.

Hata mwaka 1876 Steere, ambaye sasa alikuwa askofu, akasafiri bara pamoja na watumwa waliokombolewa, wakajenga Masasi. John Swedi, mmoja wa watoto wale watano, akawa shemasi mwaka 1879. Na mwaka 1885 misheni ikaweka makao kisiwani Likoma, katika Ziwa Nyasa, karibu na nchi ile iliyoachwa kwa aibu.

Twajifunza nini? Kwanza, nafasi ya pili haifuti kosa. Vijiji vilivyochomwa viliungua kweli, na waliokufa hawakurudi. Pili, aliyekosa hapewi nafasi ili arudie yale yale kwa nguvu zaidi. Wale walianza tena kwa kazi ndogo, nayo ni kujifunza lugha na kulea watoto watano. Tatu, waliorudi bara hawakurudi peke yao. Walikwenda pamoja na watu wale ambao zamani walidhani kazi yao ni kuwaokoa tu.

Vivyo hivyo twasoma habari za Yohana Marko. Aliwaacha Paulo na Barnaba safarini, na Paulo akakataa kumchukua tena. Barnaba akamchukua. Mwishowe Paulo mwenyewe, akiwa kifungoni, akaomba Marko aletwe.

Sisi wa Singida twajua jambo hili kwa jembe. Mvua yetu ni ya msimu mmoja. Mkulima akipanda mtama mvua ya kwanza iliponyesha, kisha jua likaukausha, haketi akilia, wala hapandi ovyo. Hutazama udongo, huchagua mbegu, akapanda tena mvua irudipo. Wazee husema, kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi.

Basi katika mitaa yetu wako watu walioanguka. Yupo mwalimu wa dini aliyeondolewa kazini, yupo mtunza fedha aliyepoteza sadaka, yupo kijana aliyerudi nyumbani kwa aibu naye huketi nyuma kabisa kanisani. Hatusemi mtunza fedha apewe tena ufunguo wa sanduku kesho. Twasema apewe kazi ndogo, na mwenzi wa kumfundisha, na muda. Tukikosa kufanya hivyo, Yubilei yetu itakuwa ngoma na chakula tu. Mungu atupe moyo wa Barnaba. Amina.