MAFUTA YA NAZI, SIAGI NA SAMLI: KILA MOJA NA KAZI YAKE

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee, walimu na akina mama)



Neno tulilo nalo leo si la mashauri wala la mipaka ya mashamba. Ni neno la jikoni. Pengine mzee mmoja atajisemea moyoni, "Mambo ya jikoni ni ya wanawake, sisi yatuhusu nini?" Twamjibu hivi: fedha inunuayo mafuta hutoka katika mfuko wa baba, mafuta yenyewe hupikwa na mama, na mtoto ndiye alaye. Basi hakuna mtu nyumbani asiyehusika.

Mara nyingi twaulizwa, Kipi bora kwa kupikia na kuokea mikate, mafuta ya nazi au siagi? Watu wa pwani husifu nazi yao, na watu wa bara wenye ng'ombe husifu samli yao. Sisi twaona kwamba swali hilo halikuulizwa sawasawa. Mtu haulizi kama jembe ni bora kuliko shoka. Huuliza kwanza kazi iliyo mbele yake ni kulima au kukata. Mafuta nayo ni vivyo hivyo. Kila namna ina kazi yake, ina kipimo chake, na ina njia yake ya kuharibika. Mwenye kuyajua hayo hula vizuri kwa fedha kidogo. Asiyeyajua hupoteza fedha na afya pamoja.

Kwanza na tujue vitu vyenyewe. Mafuta ya nazi ni mafuta matupu. Hamna maji ndani yake. Siagi hutoka katika maziwa, nayo si mafuta matupu: katika kila gramu 100 za siagi, 80 hivi ni mafuta, 16 hivi ni maji, na kilichobaki ni vitu vya maziwa. Samli ni siagi iliyopikwa hata maji yakaisha na vitu vya maziwa vikaondolewa. Tena iko siagi ya dukani isiyotoka kwa ng'ombe, itengenezwayo kiwandani kwa mafuta ya mimea. Hiyo ilibuniwa Ufaransa mwaka 1869 na bwana mmoja aitwaye Hippolyte Mège-Mouriès, naye wakati ule alitumia mafuta ya nyama ya ng'ombe. Watu wengi huiita siagi tu, lakini ni kitu kingine, na mnunuzi yampasa asome maandishi ya kopo ajue anunuacho.

Sasa twende kwenye nazi. Akina mama wa pwani hawahitaji kufundishwa kukuna nazi wala kukamua tui kwa kifumbu. Twataka kusema juu ya usafi na subira tu. Atakaye mafuta mazuri ya kula na achukue nazi zilizokomaa, azikune, akamue tui zito la kwanza, aliache katika chombo safi usiku kucha. Asubuhi ataona uzito umepanda juu na maji yamebaki chini. Na aengue ule uzito, aupike kwa moto mdogo, akikoroga. Maji yatakapokwisha, kelele ya kuchemka itapungua, mashapo yatageuka rangi ya kahawia, na mafuta yatakuwa meupe kama maji. Hapo aepue upesi, achuje kwa kitambaa safi, akatie ndani ya chupa iliyokauka kabisa. Moto mkali huunguza mashapo na kuyapa mafuta harufu ya moshi. Chupa yenye majimaji huyafanya yachache. Chicha isitupwe, maana kuku huila.

Mafuta ya mbata yana hatari nyingine. Nyama ya nazi mbichi karibu nusu yake ni maji, na mbata iliyokauka vema haizidi maji sehemu 6 katika 100. Mtu akiianika mbata chini penye unyevu, au akiiweka ghalani kabla haijakauka, huota ukungu. Ukungu huo si uchafu wa kupangusa tu. Namna nyingine huzaa sumu iharibuyo ini. Sumu ya jamii hiyo iliingia katika mahindi mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani katika Kenya, na watu 125 walikufa. Wahenga walisema, Nazi mbovu harabu ya nzima. Basi mbata na ianikwe juu ya kichanja, ifunikwe usiku na wakati wa mvua, na iliyoota ukungu isichanganywe na nzima kwa tamaa ya kuongeza uzito wa mzani.

Kuhusu siagi, adui yake ni joto na maji. Siagi huanza kuyeyuka katika joto la digrii 32 hivi, na katika nyumba isiyo na barafu pwani huharibika kwa siku chache. Ndiyo sababu wazee wetu waliipika ikawa samli. Hawakuwa na kitabu cha elimu ya vyakula, lakini waliona kwamba maji yakitoka, uharibifu hukosa mlango wa kuingilia. Mwenye ng'ombe na asuke maziwa katika chombo kilichooshwa kwa maji ya moto, aioshe siagi kwa maji safi mpaka maji yatoke meupe bila maziwa, kisha aipike polepole. Povu na aliondoe. Mchemko ukinyamaza na aepue, achuje. Samli iliyopikwa hivyo hukaa miezi bila kuharibika, nayo huuzwa kwa bei njema. Samli inukayo moshi, au yenye maziwa chini ya debe, humrudia mwenyewe.

Twaja sasa kwenye kupika. Siagi haifai kukaangia maandazi. Maji yaliyomo huruka nje ya karai na kumchoma mpishi, na vitu vya maziwa huungua vikawa vyeusi kabla unga haujaiva. Samli haina ila hiyo. Huvumilia moto mkali, na kwa hiyo ndiyo ifaayo kwa chapati na pilau. Halua ya Unguja na ya Oman hupikwa kwa samli vilevile, nayo hukaa juu ya moto muda mrefu bila kuharibika ladha. Mafuta ya nazi yaliyopikwa nyumbani hufaa kwa moto wa kiasi. Yakianza kutoa moshi, moto umezidi. Na mafuta yoyote yaliyokwisha kukaangia mara nyingi hata yakawa meusi na mazito, yamwagwe. Kuyahifadhi si uangalifu wa fedha.

Katika kuoka, yako mambo matatu ya kukumbuka. La kwanza ni kipimo. Kwa kuwa siagi ina maji na mafuta ya nazi hayana, mtu akibadilisha moja kwa jingine asitie sawa kwa sawa. Penye gramu 250 za siagi, gramu 200 za mafuta ya nazi zatosha, na aongeze vijiko vitatu vya maziwa au maji. Asipofanya hivyo keki itakuwa nzito, na mafuta yatatoka chini.

La pili ni joto la mahali. Katika keki ya siagi, siagi na sukari hupigwa pamoja mpaka ziwe nyeupe na nyepesi. Kazi ya kupiga huko ni kuingiza hewa, na hewa hiyo ndiyo husaidia keki kuumuka. Mafuta yaliyo majimaji hayashiki hewa. Mafuta ya nazi huganda katika joto lililo chini ya digrii 24 hivi. Kwa hiyo Limuru au Lushoto wakati wa baridi utayakuta magumu, na Mombasa au Dar es Salaam wakati wa kaskazi utayakuta maji. Mpishi wa pwani na atie bakuli la mafuta ndani ya maji baridi mpaka yashikane kama uji mzito, ndipo apige na sukari. Mpishi wa milimani na ayaweke kwanza karibu na meko yalainike.

La tatu ni kutorudia mafuta. Akandaye unga wa maandazi kwa tui zito amekwisha kutia mafuta. Hana haja ya kutia siagi tena. Aokaye mkate wa kumimina, ambao mchele wake umesagwa kwa tui, kazi ya samli kwake ni kupaka sufuria tu mkate usishike. Ndipo huweka makaa chini na kupalia mengine juu ya kifuniko, mkate ukaiva pande zote. Hapo nazi imefanya kazi yake na samli imefanya yake, wala hapana kilichopotea.

Lakini jambo kubwa tulilojia ni hili linalofuata, nalo twaomba mlisikilize kwa makini.

Mafuta hayalingani katika afya. Siagi na samli zina vitamini A, ambayo ni ngao ya macho na ya mwili wa mtoto. Mtoto aikosaye huanza kwa kutoona vizuri wakati wa magharibi. Akiachwa, macho hukauka, na mwisho aweza kupofuka kabisa. Tena maradhi kama surua humshinda kwa urahisi. Mafuta ya nazi, pamoja na uzuri wake wote, hayana vitamini hiyo. Mafuta mekundu ya mawese, wayapikayo watu wa Kigoma, Burundi na Congo, yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na kwa wingi.

Basi mwenye ng'ombe asiuze samli yote hata ya mwisho, akawaacha watoto wake na ugali mkavu. Kijiko kimoja kidogo katika chakula cha mtoto hakimfilisi mtu. Na asiye na ng'ombe asikate tamaa. Mchicha, majani ya kunde, matembele, papai na embe vyote vina asili ya vitamini hiyo, lakini mwili hauipati vizuri pasipo mafuta. Ndiyo maana mchicha uliopikwa kwa tui ni chakula cha hekima: mchicha huleta vitamini, na nazi huufungulia mlango. Nazi peke yake haitoshi, na mchicha wa kuchemshwa kwa maji matupu hautoshi. Vikikutana, mtoto hufaidika.

Upande wa pili wa jambo hili ni wingi. Wako wauzaji wasifuo mafuta ya nazi kuwa ni dawa ya moyo, na wako watu waliokunywa kwa vijiko kwa kuwaamini. Wataalamu wamepima. Mwaka 2020 yalitolewa majibu ya majaribio 16 yaliyokusanywa pamoja, nayo yalionyesha kwamba mafuta ya nazi huzidisha katika damu ile kolesteroli mbaya izibayo mishipa, kuliko mafuta ya mimea mingine kama soya na zeituni. Sababu yake ni kwamba katika kila sehemu 10 za mafuta ya nazi, 8 au 9 ni za namna igandayo. Katika siagi sehemu hizo ni 5 hivi, na katika samli ni 6. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba mafuta ya namna hiyo yasizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tupatayo katika chakula. Kwa mtu mzima alaye chakula cha kalori 2,000 kwa siku, ni gramu 22 hivi. Vijiko vikubwa viwili vya mafuta ya nazi vyatosha kukifikia kipimo hicho, na bado hajala tui la wali wala nyama iliyonona.

Hatusemi kwamba nazi ni sumu au samli ni adui. Babu zetu walikula vyote viwili. Lakini walitembea kwa miguu, walilima kwa mikono, na maandazi hayakuwa chakula cha kila asubuhi. Atumiaye gari na kukaa kitini kutwa hana haki ya kipimo cha mkulima. Kwa mapishi ya kila siku na ayatumie pia mafuta ya alizeti au ya ufuta, na nazi na samli aziweke mahali pake.

Twamaliza kwa kuwakumbusha mambo manne. Kausheni mbata vema, wala msile kilichoota ukungu. Pikeni samli mpaka maji yaishe, na watoto wapewe sehemu yao kabla debe halijakwenda sokoni. Katika kuoka, jueni kipimo, wala msitie mafuta mara mbili. Na kila siku mtoto apate majani mabichi yaliyopikwa kwa mafuta kidogo.

Walimu, twawaomba mwafundishe watoto hesabu ya vijiko hivi, maana ni hesabu watakayoitumia maisha yao yote. Machifu na wazee, twawaomba mwaseme maneno haya barazani, ili mbata mbovu isipite sokoni kwa kufumbiwa macho. Nanyi akina mama, kazi hii iko mikononi mwenu tangu zamani; sisi tumekuja kuongeza neno tu.